Magamba ya Macaloe

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Siku kubwa leo. Naandika kwa wino, si kwa penseli, maana wajukuu watataka kusoma.

Zuleica kaja kutoka Pemba, hii yetu ya Msumbiji. Mtoto wa dada yangu Nadia, mwaka wa mwisho wa chuo, anasoma kemia. Wa kwanza katika ukoo wetu kuvuka darasa la kumi na mbili. Akili ile kairithi kwa mjomba wake. Nadia hubisha, lakini Nadia yuko kijijini Nhica na mihogo yake, hapa hana kalamu.

Kaja na ombi. Anataka magamba ya samaki. Nikadhani ananitania. Kumbe kweli! Magamba yale yale tunayomwaga shimoni. Kanieleza taratibu, kwa mkono na kwa mchoro: yanaoshwa, yanakaushwa, yanasagwa, yanatiwa na maji kwenye chombo cha chuma kilichokazwa kifuniko, yanapikwa kwa moto mkali kutwa nzima. Yanatoka maji ya rangi ya chai. Ukiyamulika kwa taa ya mwanga wa zambarau, chai inawaka buluu! Ndani yake mna chembe ndogo mno, maelfu kwa maelfu zinatosha kwenye upana wa unywele mmoja. Chembe hizo zinaingia kwenye seli za mwili, seli zinawaka, mtaalamu anaziona kwenye hadubini, ugonjwa unajulikana ulipojificha. Rangi wanazotumia sasa zinatoka ng'ambo, na nyingine ni sumu. Sisi tunazo shimoni, bure, na nzi juu yake.

Nimeuliza kama zitawasha taa ya barazani. Kasema hapana, mjomba. Bado mdogo, haoni mbali.

Anataka mifuko miwili. Mfuko A utoke kisiwani Macaloe, mfuko B utoke hapa Quionga, aone kama samaki wa huku na wa kule wanatoa mwanga sawa. B kampa Alawi, yule anayepara samaki sokoni. A hakuwa na wa kumpa. Nikasema hapo hapo: Macaloe nina watu wangu. Nina watu wangu kila mahali.

Masharti: kuosha kwa maji matupu ya kisima. Sabuni hapana. Chumvi hapana. Kukausha kivulini. Kayarudia mara tatu na kuniandikia kwenye karatasi, kama vile mimi ni mtu wa kusahau.

Nimemwona ana wasiwasi. Monografia yake, yaani lile andiko la kumalizia chuo, yote imekaa juu ya mifuko hiyo miwili. Mwaka jana aliahirisha. Asipomaliza Septemba hii, mwalimu wake, Dotora Catarina, atachukua mwanafunzi mwingine kwenda naye maabara ya Maputo. Mtoto huyu alisoma miaka miwili kwenye hema tulipokimbia vita kwenda Pemba, daftari juu ya ndoo iliyogeuzwa. Sijasahau. Nimemwambia awe na amani, mjomba yupo.

Nikaomba kitu kidogo tu: jina langu ukurasa wa kwanza. Kacheka. Kucheka si kukataa.

Jumanne, 5 Agosti

Watu wangu wa Macaloe ni mmoja. Anaitwa Zeca. Nimempigia mara kumi na moja, simu imezimwa. Mara ya kumi na mbili kapokea mwanamke, kasema Zeca aliuza simu tangu Ramadhani. Nikauliza Zeca mwenyewe yuko wapi. Kasema Msumbiji ni kubwa, akakata.

Mpango wa pili: nipare mwenyewe. Nikanunua pono wawili wakubwa, nikachukua kisu cha mke wangu Chamima. Gamba la kwanza jichoni. La pili kwenye chai yangu. La tatu halikuwa gamba, kilikuwa kidole gumba. Chamima kanifunga kitambaa, kakaza fundo mpaka nikapiga kelele. Baadaye kauliza: baba Abudo, kwani huwezi kumwomba Alawi?

Alawi! Wajukuu waelewe. Alawi alipeleka posa kwao Chamima wiki moja kabla yangu. Miaka ishirini na sita imepita. Nilimshinda kwa mpango: nilimnong'oneza mkwe kwamba Alawi anahamia Tanzania moja kwa moja na harudi. Alawi hajaenda hata Mtwara kununua viatu. Na hajaniuliza kitu mpaka leo. Anatabasamu tu. Simpendi mtu anayetabasamu miaka ishirini na sita.

Nimepita sokoni mara nne kumchunguza anavyofanya kazi. Sidhani kama ameniona.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango wa tatu, huu safi kabisa. Alawi hutupia magamba kwenye karai la buluu nyuma ya meza yake. Ikiadhiniwa alasiri anakwenda msikitini. Leo mimi nimechelewa swala kwa ajili ya elimu. Mungu anajua nia yangu.

Nimechota ndoo nzima. Ya juu yalikuwa ya pono, makubwa, masafi, kama yamechaguliwa moja moja. Bahati hiyo!

Njiani nikakutana na Alawi anarudi. Kauliza nimebeba nini. Nikasema mchele. Kasema kweli mchele wa mwaka huu una harufu. Kisha kaniagiza nimpe Chamima salamu zake. Sikuzifikisha.

Nyumbani nikaandika kwenye mfuko, kwa herufi kubwa: A – MACALOE. Mwandiko wangu mzuri sana. Ukiusoma tu unaamini.

Samaki ni samaki. Bahari ni moja. Nani atajua?

Alhamisi, 7 Agosti

Leo nimefanya ugunduzi.

Duka la Saburi, yule wa kutoka Mtwara anayeuza vitenge na sukari, lina taa ndogo ya kuchunguzia noti bandia. Mwanga wa zambarau, ule ule! Nikapeleka gamba moja ndani ya karatasi, nikaliweka chini ya taa. Likatoa buluu hafifu, ya kiumbe mgonjwa. Fedheha. Nikawaza: la Alawi bila shaka linawaka zaidi, atanishinda mbele ya Dotora. Kisha nikakumbuka kwamba hili ndilo la Alawi. Nikawaza tena: basi tutatoka sare. Sare na Alawi ni kushindwa.

Nikavuta mkono kwa hasira. Mkono wa kanzu ukapita chini ya taa. Lahaula! Ukawaka! Buluu nyeupe, mpaka Saburi akafumba jicho moja. Kanieleza kwamba ni sabuni ya unga. Mle ndani kuna dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, kwa hiyo kila kanzu iliyofuliwa ikipita pale inawaka. Nikamshukuru nikatoka mbio. Sukari niliyotumwa nimeisahau juu ya meza yake.

Kwa hiyo mwanga unauzwa dukani kwa pakiti! Zuleica kasoma miaka minne na hajaambiwa.

Ni kweli alisema sabuni hapana. Nimelitafakari jambo hilo kwa haki, kiasi cha dakika tano. Nimeona alikusudia sabuni ya kipande.

Halafu kuna suala la heshima. Sisi hatumpi mgeni kitu kinachonuka. Hata pweza wa kupelekwa ukweni huoshwa, akafunikwa kawa, kawa likafunikwa kitambaa kilichodariziwa. Mfuko huu utafunguliwa mbele ya Dotora na wasomi wenzake. Watauliza umetoka kwa nani. Nyumba yangu itatajwa. Niwape uvundo?

Nimeyaloweka kwenye sabuni ya unga ya Chamima, pakiti nzima. Sikuyasuuza, maana kusuuza ni kumwaga mwanga. Kisha nimeyafukiza udi. Ule uliobaki wa harusi ya Abudo mwanangu.

Huu si udanganyifu. Ni usafi na adabu.

Ijumaa, 8 Agosti

Magamba yanakauka chini ya kitanda chetu. Kivulini, kama alivyosema. Masharti nayafuata.

Chamima kauliza sabuni yake ya kufulia iko wapi. Nikasema panya. Kauliza ni panya gani anayekula sabuni akaacha pakiti imekunjwa vizuri. Nikasema panya wa siku hizi. Kanitazama. Kisha kauliza mbona chumba kinanukia harusi. Nikatoka kwenda swala ya Ijumaa saa mbili kabla ya wakati.

Nimemwagiza Nélio, mchora mabango, anitengenezee ubao: ANUAR JAMALDINE – CHEMBE ZA MWANGA – MACALOE NA QUIONGA. Kaniletea jioni. Herufi nzuri, lakini ubao ni wa zamani wa kinyozi, na upande wa pili bado kuna kichwa kilichonyolewa. Umesimama nje muda mfupi tu na watu wawili wameshaingia kuuliza kama kuna foleni.

Jumamosi, 9 Agosti

Zuleica kaja kuchukua mifuko. Ya Alawi ilikuwa kwenye mfuko wa kawaida wa plastiki, yananuka kama ilivyo kazi yake. Yangu nimeyafunga kwenye mfuko mpya na utepe. Mtoto kanusa, kauliza mbona udi. Nikasema Chamima hufukiza nyumba nzima kila Ijumaa. Kisha kauliza: mjomba, uliyaosha kwa kitu gani? Nikasema maji.

Sikudanganya. Maji yalikuwemo.

Kanikumbatia. Kasema nimehangaika mpaka Macaloe kwa ajili yake na hatasahau. Nikasikia kitu kinanichoma kifuani. Nadhani ni fahari. Iliuma kidogo, lakini mimi sijazoea fahari.

Alhamisi, 14 Agosti

Simu kutoka Pemba!

Kwanza habari ya njiani. Kwenye kizuizi askari walifungua mfuko A, wakanusa, wakamuuliza bibi harusi yuko wapi na mbona katanguliza magamba. Wakacheka, wakawaruhusu kupita.

Sasa matokeo. A imewaka mpaka Dotora kavua miwani! B imewaka kwa kiasi. USHINDI! Nimeizunguka nyumba mara mbili. Kisha nimepita mbele ya meza ya Alawi pole pole, mikono nyuma. Kanisalimia vizuri tu. Hajui kilichompata.

Lakini Zuleica hakuwa na furaha. Kasema A inawaka vikali hata kabla ya kupikwa, jambo ambalo halipaswi kuwa. Nikamwambia samaki wa Macaloe hawana subira. Kakata simu, nikadhani salio limekwisha.

Jumamosi, 16 Agosti

Zuleica tena. Wametia maji ya A kwenye seli. Seli zote zimekufa. Zote! Za B ziko hai na zimewaka vizuri, kila moja inaonekana ukingo wake na kiini chake.

Nikauliza kama ni seli za mtu ninayemfahamu. Kasema hapana, zinaoteshwa kwenye visahani. Nikapumua. Nikashauri waongeze maji.

Hapo kaanza kulia. Simu yangu ni ya batani, sauti zake si nzuri, lakini kilio cha mtoto wa dada yako unakijua hata kikipita kwenye bomba. Kasema Dotora hapokei matokeo yoyote mpaka ijulikane ndani ya A mna nini. Wiki zimebaki chache. Kwa hiyo Jumatano wanakuja wote wawili kuona magamba yanavyoandaliwa. Na kutoka hapa wanataka kuvuka kwenda Macaloe wakamwone mtu wangu.

Mtu wangu!

Sikuweza kula. Chamima kala sehemu yangu na wala hakuniuliza kwa nini.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimepata mpango. Wasimfuate Zeca. Zeca awafuate.

Nimezungumza na Fauzi, fundi baiskeli. Atakuwa Zeca. Ana ndevu za kisiwani. Tatizo ni kwamba Fauzi hajapanda chombo chochote maishani isipokuwa baiskeli, na akiona mashua inayumba anashika tumbo. Nimemfundisha asubuhi nzima. Nikamuuliza: wewe Zeca, Macaloe mnavua samaki gani? Kajibu: wa kukaanga. Nimemwambia aseme kidogo iwezekanavyo.

Tumekubaliana alama. Atasimama nje dirishani. Nikikohoa mara moja, anaingia.

Chamima kanunua sabuni mpya ya unga na leo kafua nguo zote nyeupe. Nimemwomba aning'arishie kanzu ya sikukuu. Jumatano nataka nionekane.

Jumatano, 20 Agosti

Nimeonekana.

Niandike kwa mpangilio.

Wamefika saa nne asubuhi. Dotora Catarina ni mama mfupi mwenye raba za mazoezi, anasema Kireno taratibu ili tufuate. Kaja na Zuleica, uso wa mtoto umekonda. Nadia dada yangu kaja kutoka Nhica. Alawi kaitwa na kisu chake, kwa kuwa ndiye mwenye B. Chamima kaandaa chai na vitumbua. Mimi kanzu nyeupe, kofia nyeupe, nimekaa kiti cha mwisho ukumbini mahali pa mwenye nyumba.

Wakafunga madirisha na mlango ili pawe giza. Zuleica kawasha taa yake ndogo ya zambarau juu ya magamba ya B. Hafifu, buluu ya mbali. Kaisogeza juu ya magamba yaliyobaki ya A. Yakalipuka kwa mwanga. Dotora kauliza kitu. Zuleica kageuka ili aniulize mimi, na taa ikageuka naye mkononi.

Nikawaka.

Kuanzia shingoni mpaka miguuni. Buluu nyeupe ile ile. Kofia nayo. Nilisogea kushoto, nikawaka kushoto. Nilisogea kulia, nikamulikwa kulia. Ukumbi wetu ni mdogo, hauna pa kujificha mtu anayewaka. Nilisikia Nadia anameza kitumbua.

Chamima ndiye aliyesema kwanza. Kasema: panya huyu hapa.

Wakafungua madirisha. Nikaeleza yote ya sabuni na udi. Nikaeleza heshima ya mgeni, nikaeleza pweza wa ukweni, nikaeleza kawa na kitambaa. Dotora alikuwa anaandika. Kasema sasa jambo moja limejulikana: sabuni ndiyo iliyokuwa inawaka, na huenda sabuni ndiyo iliyoua seli.

Lakini huenda tu, akasema. Maana A imetoka Macaloe na B imetoka Quionga. Seli zimeuawa na sabuni, au kuna kitu kwenye bahari ya Macaloe? Vitu viwili vimebadilika kwa pamoja, haiwezekani kuvitenganisha. Lazima kuanza upya na magamba mapya ya kisiwani, na Septemba haitoshi. Alisema kwa huruma. Mtu akisema kwa huruma ujue hakuna la kufanya.

Zuleica kafunga daftari lake. Kasema: basi, mjomba, hukukusudia.

Angenitukana! Nadia angenirushia kikombe! Ningejua la kufanya, matusi nimeyazoea. Lakini mtoto kasema vile, kisha kaanza kukusanya vichupa vyake kimoja kimoja na kuvifunga kwenye kitambaa, na mimi nikaiona ile ndoo iliyogeuzwa kwenye hema, na yeye mbele yake ana miaka kumi na tano, anaandika. Nikaona aibu. Aibu ya kweli, siyo ya kushikwa.

Nilijua ninachoweza kufanya. Ningekohoa, Fauzi angeingia, angeahidi magamba mapya, ningepata siku mbili tatu za kufikiri. Koo likaanza kuniwasha lenyewe. Upande wa pili palikuwa na ukweli, na ukweli wenyewe ulikuwa na jina la Alawi ndani yake. Mbele ya Chamima! Nimewahi kuvunjika mguu, nimewahi kung'olewa jino kwa koleo la fundi. Vyote vilikuwa afadhali.

Nikasema. Magamba ya A si ya Macaloe. Ni ya Alawi. Niliyachota Jumatano alasiri, kwenye karai la buluu nyuma ya meza yake.

Dotora kaacha kuandika. Kauliza: samaki wale wale? Ndiyo. Karai lile lile? Ndiyo. Siku moja na haya ya B? Alawi kajibu yeye: ndiyo, dotora, karai moja, siku moja, nusu alichukua yeye na nusu nikaosha mimi.

Mama yule kaanza kucheka. Kacheka mpaka kapiga meza na vitumbua vikaruka. Kasema basi kilichobadilika ni kimoja tu! Magamba yale yale, nusu na sabuni, nusu bila. Hata wangepanga wenyewe wasingelipanga jaribio vizuri zaidi. Macaloe itolewe kwenye andiko, iingie sabuni, maana taka ya nyumbani popote duniani huwa imeguswa na sabuni, na atakayetaka kutengeneza chembe hizi ni lazima ajue hilo. Wakirudia mara moja na sabuni ile ile kuthibitisha, Septemba inatosha.

Zuleica kainua kichwa. Kafungua daftari tena. Nadia kapiga kigelegele kimoja, kisha kanipiga mimi kofi la mgongo, na sijui lipi lilikuwa la furaha.

Hapo tungeishia siku ingeisha vizuri. Lakini Alawi kaongea. Kasema yeye alijua tangu mwanzo. Jumanne aliniona nikipita mara nne, akajua nina shida na naona haya kuomba. Kwa hiyo Jumatano akachagua ya pono, makubwa, akayaweka juu, akaenda kuswali mapema. Hakutaka mume wa Chamima aaibike kwa kuokota mabaya.

Alinichagulia! Moja moja!

Nilipaliwa na chai. Nikakohoa.

Mlango ukafunguliwa, kaingia Fauzi, kasimama katikati ya ukumbi, kasema kwa sauti ya juu: mimi ndiye Zeca wa Macaloe, tunavua samaki wa kukaanga.

Alhamisi, 21 Agosti

Chamima haongei nami. Kaongea na Alawi sokoni, kampelekea vitumbua kwenye kawa, na kitambaa juu. Kitambaa kilichodariziwa.

Ubao nimeugeuza. Wamekuja watatu kunyolewa.

Naandika hapa na wajukuu wawe mashahidi: sitagusa tena sampuli ya mtu. Sitaandika jina la mahali nisipofika. Nikiambiwa maji matupu, yatakuwa maji matupu. Nimemdanganya mtoto aliyeniamini na almanusura nimwangushe. Moyo unaniuma kweli.

Ijumaa, 26 Septemba

KAFAULU! Kumi na saba kati ya ishirini! Nadia kapiga vigelegele kwenye simu mpaka batani zikatetemeka. Mwezi ujao Zuleica anakwenda Maputo na Dotora Catarina. Mtoto wa ndoo iliyogeuzwa! Nimelia, na sioni haya kuandika.

Katuma nakala ya monografia kwa gari la Palma. Ukurasa wa kwanza sipo. Nimetafuta vizuri. Nipo ukurasa wa arobaini na moja, kwenye jedwali: Fonte A, A. Jamaldine, Quionga, contaminada. Maana yake chanzo A, kilichoingiwa na uchafu. Ni neno refu, lina herufi kumi na moja. Alawi kaandikiwa pura, yaani safi, herufi nne. Nimempelekea akahesabu mwenyewe.

Mwishoni kuna shukrani. Alawi kashukuriwa kwa magamba. Mimi nimeandikiwa hivi: kwa mjomba wangu Anuar, aliyesema kweli siku ilipokuwa ngumu. Nimeusoma mstari huo mara nyingi. Kitu kikaniingia jichoni. Pengine gamba.

Chamima kausoma pia. Leo kaniwekea kitumbua cha ziada.

Sasa kuna habari nyingine. Maputo watafanya kazi hiyo hiyo kwa maganda ya kamba. Zuleica anahitaji mifuko miwili kutoka pwani yetu, mmoja wa hapa, mmoja wa visiwani. Nimesikia kwa Saburi. Kumbe ujumbe katumiwa Alawi! Alawi peke yake! Mimi nimerukwa! Mtoto kachanganyikiwa na mambo ya safari, kasahau mjomba wake ni nani.

Simlaumu. Nitamsaidia bila kuombwa, ndiyo kazi ya mjomba.

Makosa ya mara ya kwanza nimeyachunguza kwa makini na nimeyaelewa. Tatizo lilikuwa sabuni ya unga. Dotora mwenyewe alisema. Chamima ameifungia kabatini na ufunguo anatembea nao, lakini amejisumbua bure, mimi ya unga nimeiacha kabisa. Natumia ya maji.

Maganda nimeyaloweka tangu asubuhi. Yalikuwa kwenye karai la buluu, makubwa, juu kabisa. Na safari hii sikuandika Macaloe, naona pale pana mkosi. Visiwa viko vingi.

Nimeandika Vamizi.